Shorobo wa Usambara na Unguja: kuwatambua, kuwapata, na miti ya kuwapandia

Mshale_Lushoto

Habari zenu wakuu. Kuna kikundi cha wageni 10 kinakuja kwa siku sita: siku mbili Lushoto na msitu wa Magamba, mbili msitu wa Amani kule Usambara Mashariki, mbili za mwisho Unguja kwenye msitu wa Jozani. Wanachokitaka kuliko vyote ni shorobo, wale ndege wa kijani wenye kishungi ambao wakiruka mabawa yanawaka mekundu. Wengine humwita kulukulu.

Naomba msaada wa mambo matatu. Kwanza, je, huyu wa Magamba ndiye huyohuyo wa Amani na Jozani, au ni ndege tofauti? Kama ni tofauti, mtu awajueje kwa haraka? Pili, namna ya kumpata bila kuzunguka msitu mzima, maana sauti inasikika lakini ukifika pale hayupo. Tatu, kuna shamba la ekari moja linalopakana na msitu upande wa Lushoto, mwenye shamba anataka kupanda miti itakayowavuta. Apande nini?

Na swali la nyongeza ambalo wageni huuliza kila mara: ni kweli ile rangi nyekundu inachuja mvua ikimnyeshea?

Kulukulu_Tanga

Mkuu, anza kwa kuliweka kando hilo bawa jekundu. Linakwambia huyu ni shorobo, basi. Wa Fischer, wa Hartlaub, wa Livingstone, wa Schalow, wote wana bawa jekundu. Watu wengi wanaokosea jina hukosea hapo: wanaona wekundu ukipita, wanaandika jina la kwanza walilolikariri. Jina utalitafuta kichwani, akiwa ametua.

Wa Magamba ni shorobo wa Hartlaub, Tauraco hartlaubi. Kishungi chake ni kifupi, cha mviringo kama kofia iliyovutwa nyuma, rangi yake buluu iliyokolea hadi inakaribia weusi. Mbele ya jicho ana doa jeupe kubwa, na hilo ndilo la kutafuta, kwa sababu linaonekana hata ndege akiwa amefichwa nusu na majani. Chini ya jicho kuna mstari mweupe mwembamba, na ngozi inayozunguka jicho ni nyekundu. Ni ndege wa milimani: Usambara, Pare, Kilimanjaro, Meru, na kule Kenya Aberdare, Mlima Kenya, hata Karura katikati ya Nairobi.

Wa Amani na Jozani ni shorobo wa Fischer, Tauraco fischeri. Huyu mdomo wake ni mwekundu wa kung'aa. Kishungi ni kijani kinachoishia kwa wekundu uliofifia na ncha nyeupe, na ule wekundu unashuka kisogoni hadi nyuma ya shingo. Hakuna mwingine wa eneo lenu mwenye kisogo chekundu. Anaishi ukanda wa pwani kuanzia kusini mwa Somalia, akipita misitu ya Arabuko-Sokoke na Shimba kule Kenya, hadi Tanga na Usambara Mashariki. Wa Unguja wametengwa kama nususpishi yao, zanzibaricus. Waelezeni wageni kwamba huyu hapatikani kwingine duniani nje ya kipande hicho cha pwani, na misitu yake inazidi kukatwakatwa vipandevipande, ndiyo maana amewekwa katika kundi la ndege walio karibu kutishiwa.

Kwa hiyo kanuni ya safari yenu ni doa jeupe na kofia nyeusi-buluu juu mlimani, kisogo chekundu na mdomo mwekundu chini na kisiwani. Lakini msiitegemee ramani peke yake. Kwenye miteremko ya chini ya Usambara Magharibi usishangae kumkuta Fischer, kwa hiyo kila mara angalia kichwa kabla ya kutamka jina.

Mitego iliyobaki: Kishungi hulala. Shorobo akikimbia juu ya tawi au akiwa na hofu hukilaza, umbo linabadilika kabisa, kwa hiyo umbo la kishungi ni ushahidi wa pili, alama za usoni ndizo za kwanza. Chipukizi naye ana kishungi kifupi na rangi zilizofifia. Halafu mwanga: ukimwangalia ndege dhidi ya anga nyeupe, kijani chote kinageuka cheusi. Badilisha mahali uliposimama kabla ya kubadilisha jina.

Njiani, kwenye vichaka vya nchi ya chini, mnaweza kumwona mwenye kishungi cha zambarau, Gallirex porphyreolophus. Yeye hana mistari myeupe usoni hata kidogo, na mdomo wake ni mweusi. Wa Livingstone na wa Schalow wana vishungi virefu vyenye ncha kali, cha Schalow kikiwa kirefu kuliko vyote, lakini hao ni wa kusini na magharibi, hawawahusu safari hii.

Mkuyu_Mkongwe

Nachukua swali la pili.

Sauti inawapoteza kwa sababu mnaifuata. Shorobo hulia akiwa juu kabisa ya mti, mmoja akianza wa jirani wanaitika, na mwitiko huo unaweza kuenea bonde zima. Ukifika chini ya mti alikolilia, yeye alishakuona zamani. Hana mbio za angani, huruka kwa kupiga mabawa mara chache kisha anateleza kuelekea mti wa chini yake. Ila kwenye matawi ni kama kindi: kidole chake cha nje cha mguu hugeuka mbele na nyuma, anashika tawi namna zote, anakimbia, anaruka tawi hadi tawi, na anaweza kuondoka mtini upande wa pili bila ninyi kuona unyoya.

Tafuteni mti wenye matunda yaliyoiva, mkae. Yeye atakuja.

Kwa Magamba na Amani, mti wa kwanza kuuliza ni wa jamii ya mkuyu, Ficus zote. Mikuyu haizai kwa msimu mmoja. Huu unaiva leo, wa bonde la pili unaiva mwezi ujao, lakini mti mmoja ukiiva huiva karibu wote kwa pamoja na kuisha ndani ya siku chache hadi wiki mbili hivi. Ndiyo maana mti uliojaa ndege mwezi uliopita leo ni mtupu. Siku mbili kabla ya wageni kufika, mtu apite kwenye mikuyu yote anayoijua na aangalie chini: matunda laini yaliyoanguka, kinyesi chenye mbegu nyingi juu ya majani, na sauti za ninga, shore na hondohondo juu. Ukiwakuta hao watatu mezani, shorobo hayuko mbali. Matunda yakiwa chini mengi lakini yameoza na nzi wamejaa, mmechelewa.

Mbali na mikuyu, angalieni muiri (Prunus africana), mizambarau ya msituni (Syzygium guineense), mkulo na podo. Jozani ulizieni mikuyu pia, na mtu anayeujua msitu awaonyeshe ni ipi iliyoiva wiki hiyo. Msitu ule una miti mingi ya mitondoo na michikichi, ukizunguka ovyo unaweza kupita nusu siku kwenye miti isiyowahusu.

Mpangilio ni huu. Muwe mmefika saa 12 na nusu asubuhi, mkae hadi saa 3 na nusu. Jioni saa 10 hadi saa 12. Katikati ya mchana hutulia kwenye majani mazito na hamtamwona. Mvua ikikatika na jua likachomoza, tokeni haraka, kwa sababu hupanda matawi ya wazi kujikausha na hapo hukaa muda mrefu kuliko wakati mwingine wowote. Simameni mita 30 hadi 40 kutoka kwenye shina, jua likiwa mgongoni. Usambara ina neema ya miteremko: panda mteremko hadi mahali palipo juu zaidi ya mti ulipo, usikae chini yake, ili utosi wa mti uwe usawa wa macho yenu. Shingo hazitauma na mtaona mgongo wa ndege, ambako rangi iko.

Watu 10 pamoja ni wengi. Gawa watano watano, miti miwili. Kundi kubwa likifika, shorobo hufanya kitu kimoja kinachowadanganya wengi: haruki, anaganda. Anakaa kimya kwenye majani hata dakika 20, wageni wanachoka wanaondoka, naye anaendelea kula. Kaeni saa nzima kabla ya kukata tamaa.

Darubini ya 8x42 inatosha. Mwenye kamera aongeze mwanga hatua 1 hadi 1.5, la sivyo atapata kivuli cheusi chenye anga nzuri nyuma yake. Akitaka bawa jekundu, kasi isipungue 1/1000, na aielekeze kamera kwenye tawi la kutokea upande wa mteremko.

Jambo la mwisho, na hapa nasema kwa msisitizo: msipige sauti iliyorekodiwa kwenye simu. Kiota cha shorobo ni jukwaa la vijiti vichache kama la njiwa, mayai mawili kwa kawaida, na wazazi wote wawili huatamia kwa zamu kwa wiki tatu au zaidi kidogo. Ukiwaita wakidhani kuna mvamizi, wanaacha kiota wazi, na kunguru au kima hahitaji dakika nyingi.

Magadi_na_Shaba

Hilo la rangi kuchuja lina ukweli ndani yake, ila si mvua inayoichujisha.

Wekundu wa shorobo ni rangi inayoitwa turasini, na ndani yake kuna madini ya shaba, takriban asilimia 6 hadi 7 ya uzito wa rangi yenyewe. Mwanakemia Mwingereza Arthur Herbert Church ndiye aliyeichambua na kuchapisha matokeo mwaka 1869. Turasini haiyeyuki katika maji safi. Inayeyuka katika maji yenye asili ya magadi: maji ya sabuni, maji ya majivu, amonia. Unyoya mwekundu ukilowekwa humo, maji huanza kuwa mekundu. Ndiyo asili ya hadithi ya mvua. Mvua ya Usambara inamwacha alivyo.

Kwa vitendo maana yake ni hii: anayeokota unyoya chini ya mti kwa ajili ya maonyesho ya shule asiufue kwa sabuni. Afute vumbi kwa brashi laini kavu, basi.

Kijani nacho kina habari yake, na binafsi naona ndicho cha ajabu zaidi. Kasuku wa kijani hana rangi ya kijani ndani ya unyoya. Ana umanjano, na muundo wa unyoya unarudisha mwanga wa buluu, viwili hivyo vikichanganyika macho yetu yanaona kijani. Shorobo ana kijani chenyewe, turakovedini, nayo pia ina shaba. Wageni wakiuliza kwa nini huyu ndege anapendwa na wanasayansi, jibu zuri la kuanzia ni hilo.

Si jamaa zao wote walio nazo, lakini. Gowee, wale wa kijivu wa nchi kavu wanaokaa kwenye migunga, hawana wekundu wala kijani hicho. Na shorobo mkubwa wa buluu, Corythaeola cristata, yule mwenye sentimita 70 na zaidi anayepatikana Kakamega, Uganda, Nyungwe, Kongo na msitu wa Minziro kule Kagera, hana bawa jekundu. Familia nzima, Musophagidae, ina spishi kama 24 na zote ni za Afrika tu. Jina hilo la kisayansi maana yake walaji wa ndizi, jina lisilowafaa, kwa kuwa porini ndizi si chakula chao. Hula matunda ya msitu, machipukizi, maua, na majani; yule mkubwa wa buluu hula majani mengi hasa.

Pori_Safi

Samahani kuingilia. Kuna mtu anauza kinda wa shorobo, anasema anazoea watu haraka. Ukimlisha papai na ndizi si anaishi vizuri?

Kulukulu_Tanga

Ndugu, usimnunue. Tanzania Bara, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 hairuhusu kukamata wala kumiliki ndege wa porini bila kibali, na Zanzibar wana sheria yao ya misitu na viumbe. Tauraco wote wako Kiambatisho II cha CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini. Biashara ya ndege wa kufungwa iliwaumiza sana shorobo wa Fischer, na mwaka 2016 serikali ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi.

Kinda wa shorobo hutoka kiotoni akiwa bado hajui kuruka, anapanda matawi kwa miguu na kulishwa na wazazi wote wawili kwa matunda wanayoyatapika. Ndiyo maana watu wanamwokota wakidhani ametelekezwa. Ukimkuta chini, mweke kwenye tawi lenye majani juu ya usawa wa mbwa na paka, ondoka. Wazazi wako juu.

Papai na ndizi tupu ni sukari na maji. Ndege huyu hujenga mwili kwa aina nyingi za matunda pamoja na majani.

Mutuba_Masaka

Kwa shamba la Lushoto. Mti wa kwanza uwe Ficus ya kwenu, na njia ya haraka ni kipande cha tawi, si mbegu. Huku Buganda mutuba, Ficus natalensis, ule wa kutengenezea nguo ya gome, hupandwa hivyo tangu enzi.

Kata tawi lililo hai, nene kama mkono, urefu wa mita 1.5 hadi 2. Kata sehemu ya chini kwa mshazari na ya juu bapa. Weka alama ya upande wa chini mapema, kwa sababu likipandwa kichwa chini halioti. Liache kivulini siku mbili tatu utomvu ukauke, vinginevyo sehemu iliyokatwa huoza. Mvua zikianza, chimba shimo la sentimita 50, simamisha, rudishia udongo na ushindilie kwa nguvu. Kipande kinachotikisika na upepo hukata mizizi yake michanga, na hicho ndicho chanzo kikubwa cha vipande kufa. Weka uzio wa miiba kama kuna mbuzi.

Usipande ile mikuyu ya mapambo kutoka Asia inayouzwa kwenye vitalu vya maua. Kila aina ya mkuyu ina nyigu wake mdogo anayeuchavusha, na asipokuwepo nyigu huyo matunda hudondoka machanga. Utakuwa na kivuli bila chakula.

Muiri na mzambarau wa msituni panda kwa mbegu, na hapa wengi wanakwama: mbegu hizi hazivumilii kukaushwa. Ukizianika juani kama mahindi umeziua. Okota matunda yaliyoiva, ondoa nyama siku hiyohiyo, osha, panda ndani ya siku chache kwenye viriba chini ya kivuli. Shimo la mche liwe sentimita 40 kwa 40.

Mpangilio wa miti una uzito kuliko idadi yake. Shorobo hapendi kuvuka uwazi. Mti mzuri uliosimama peke yake katikati ya shamba utapata shore na kuzumburu, yeye hatafika. Anza kupanda ukingoni mwa msitu, mita 4 hadi 5 kati ya mche na mche, kisha shuka na mstari kuelekea shambani ili vichwa vya miti vije kugusana. Mikuyu yenyewe iachiane mita 12 au zaidi.

Kuhusu Amani, tahadhari moja: msichukue miche ya Maesopsis eminii kwa kuwa tu ndege wanaipenda. Ni mti mgeni pale, hondohondo wamesambaza mbegu zake ndani kabisa ya msitu wa asili na umeshika maeneo makubwa. Ndege hachagui mbegu njema na mbaya, kazi hiyo ni ya anayepanda.

Mshale_Lushoto

Asanteni sana wakuu, nimepata zaidi ya nilichouliza. La mwisho: shamba lina nyumba na tenki la maji la saruji upande wa chini, kama mita 10 kutoka mpakani. Mkuyu utaleta shida? Na shorobo ataanza kuja baada ya muda gani?

Mutuba_Masaka

Utaleta. Mizizi ya Ficus hufuata maji na kupasua saruji. Mkuyu ukae mita 20 au zaidi kutoka tenki, mabomba, choo na msingi wa nyumba. Kwenye hizo mita 10 weka mzambarau na muiri, mizizi yake ni mitulivu zaidi.

Kipande cha tawi hutangulia kuzaa kuliko mche wa mbegu, lakini hesabu miaka, si miezi, na muiri huchelewa zaidi. Shorobo mwenyewe anaweza kuanza kupita kabla ya matunda, mara matawi yanapogusana na ya msitu, kwa sababu hula machipukizi pia. Kama shambani tayari kuna mti wowote wa asili unaozaa, hata mmoja mzee ulioinama, mwambie mwenye shamba asiukate ili kupata nafasi ya hiyo mipya.